Maji ya Moto Chini ya Sakafu: Halijoto Ipi Inafaa?

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama vile Ujerumani, Uswisi, Denmark na Korea, huja siku nyingi katika mwaka ambapo maji huganda nje ya nyumba. Siku hizo nyumba isiyotiwa joto haikaliki. Ziko njia kadhaa za kuitia joto, na mojawapo ni kupitisha maji ya moto katika mabomba membamba yaliyofukiwa ndani ya sakafu, hata sakafu nzima ikawa mithili ya jiko kubwa lenye moto hafifu. Maji hupashwa na boila au mashine nyingine, husukumwa na pampu hadi sakafuni, huacha humo sehemu ya joto lake, kisha hurudi kupashwa upya.

Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya: maji hayo yawe na halijoto ya kiasi gani? Wengi wetu tungejibu upesi kwamba kadiri yanavyokuwa ya moto ndivyo nyumba itakavyokuwa njema. Jibu la fizikia ni kinyume chake. Halijoto inayofaa ni ile ya chini kabisa inayoweza kufidia joto linalopotea nyumbani, wala haipasi kuzidi hapo. Anayepandisha maji kupita kiasi hicho huunguza fedha, huchakaza sakafu, na aghalabu hapati raha aliyoitafuta.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki, ambaye kwa kawaida hana haja ya sakafu ya namna hii, asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Hesabu zake ni zile zile za joto anazofundishwa katika Kidato cha Tatu na cha Nne, na ndani yake limo funzo ambalo wanafunzi wengi hulikosa mtihanini: joto ni kitu kimoja, na halijoto ni kitu kingine.

ASILI YA SAKAFU ZA JOTO

Wazo lenyewe ni la kale. Warumi walijenga mabafu na nyumba za matajiri juu ya nguzo fupi za matofali, wakawasha tanuri pembeni, na hewa ya moto pamoja na moshi ikapita katika uwazi ulio chini ya sakafu kabla ya kutoka kwa njia za ukutani. Wakorea nao kwa karne nyingi wamekuwa na ondol. Moto wa kupikia huwashwa upande mmoja wa nyumba, moshi wake hupita katika mifereji iliyo chini ya mawe bapa, na watu huketi na kulala juu ya sakafu iliyotandikwa karatasi nzito iliyopakwa mafuta.

Katika njia zote mbili kilichopita chini ya sakafu kilikuwa moshi, na moshi una hatari yake. Baada ya vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953, familia nyingi za mijini zilichoma matofali ya makaa ya mawe badala ya kuni. Gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ilipenya katika nyufa za sakafu na kuua watu usingizini. Onyo hilo linamhusu pia mtu wa Makete au Limuru anayelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Kutumia maji badala ya moshi kuliondoa hatari hiyo vyumbani, kwa kuwa moto hukaa mahali pake na kinachofika sakafuni ni maji tu.

Huko Marekani msanifu majengo Frank Lloyd Wright, ambaye alikuwa ameonja joto la chumba cha Kikorea alipokuwa Japani, aliweka mabomba chini ya sakafu katika nyumba ya Herbert Jacobs mjini Madison, Wisconsin, iliyokamilika mwaka 1937. Kuanzia mwaka 1947 nyumba nyingi za Levittown, New York, zilijengwa juu ya mabamba ya zege yenye mabomba ya shaba nyekundu. Baadhi ya mabomba hayo yalikuja kuliwa na kuvuja, na kuyarekebisha kulimaanisha kuvunja sakafu. Tatizo hilo lilipungua sana katika miaka ya 1970, yalipoenea mabomba ya plastiki ngumu ambayo hayashikwi na kutu.

Walakini tatizo kubwa zaidi halikuwa bomba. Nyumba nyingi za Ulaya katika miaka ya 1950 na 1960 zilipoteza joto jingi mno kupitia kuta, mapaa na madirisha. Ili kufidia hasara hiyo, sakafu ilibidi iwe ya moto kupita kiasi, na wenyeji wakalalamika kwamba miguu inachoka na kuvimba. Sakafu ya joto ikapata sifa mbaya. Bei ya mafuta ilipopanda ghafula mwaka 1973, serikali zilianza kudai nyumba zijengwe kwa namna ya kuhifadhi joto. Ujerumani ya Magharibi ilianza kutumia kanuni ya kuhifadhi joto majumbani mwaka 1977. Kuta zilipofunikwa vihami, hasara ya joto ikapungua, na sakafu ikaweza kufanya kazi yake ikiwa vuguvugu tu. Tunaweza kusema kwamba ugonjwa ulionekana sakafuni, lakini dawa yake ilipatikana ukutani.

JOTO NA HALIJOTO

Joto ni nishati, nasi huipima kwa jouli. Kasi ya kutoa au kupokea nishati hiyo hupimwa kwa wati, yaani jouli kwa sekunde. Halijoto ni kiwango cha umoto wa kitu, nasi huipima kwa digrii za Sentigredi.

Tuchukue birika lenye lita 1 ya maji yanayochemka, yaani ya digrii 100, na pipa lenye lita 200 za maji ya digrii 35. Vyote viwili viachwe katika chumba chenye digrii 20 hadi vilingane nacho. Kilo moja ya maji hutoa jouli 4,200 kwa kila digrii inayoshuka. Basi birika litatoa 1 × 4,200 × 80, yaani jouli 336,000. Pipa litatoa 200 × 4,200 × 15, yaani jouli 12,600,000. Birika lina halijoto kubwa, lakini pipa limetoa joto zaidi ya mara 37.

Nyumba za Ulaya zenye vipasha joto vya chuma vinavyosimama ukutani zilifuata njia ya birika. Kipasha joto kina eneo dogo. Kwa hiyo, ili kitoe joto la kutosha chumba kizima, maji yake aghalabu yalihitaji kufika digrii 60, 70 au zaidi. Sakafu ni njia ya pipa. Eneo lake ni kubwa kama chumba chenyewe, na kwa ajili hiyo kila mita ya mraba inatakiwa kutoa kidogo tu.

SAKAFU HUTOAJE JOTO?

Chini ya mabomba huwekwa kihami kinene ili joto lisielekee ardhini. Joto la maji hupita katika ukuta wa bomba, kisha katika saruji, kisha katika kifuniko cha sakafu, kiwe vigae, mbao au zulia. Safari hiyo yote ni ya mpitisho, yaani joto hupita ndani ya kitu pasipo kitu chenyewe kuhama. Likifika juu hutoka kwa njia mbili. Sehemu moja huchukuliwa na hewa inayogusa sakafu na kupanda; huo ni myuko. Sehemu nyingine, inayozidi nusu kidogo, huruka moja kwa moja kwenda kwenye kuta, dari, meza na miili ya watu, kama joto la jua linavyotufikia. Huo ni mnururisho.

Ukijumlisha njia hizo mbili, mita moja ya mraba ya sakafu hutoa takribani wati 10 hadi 11 kwa kila digrii ambayo uso wake umezidi halijoto ya chumba. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa hesabu zote zitakazofuata.

Lakini uso wa sakafu una kikomo. Viwango vinavyotumika Ulaya vinataka usizidi digrii 29 mahali ambapo watu huketi na kutembea. Bafuni huruhusiwa digrii 33, na ukanda mwembamba wa pembeni, hasa chini ya madirisha, digrii 35. Sababu yake ni mguu wa binadamu. Mguu nao hauna budi kutoa joto lake. Ukiukanyagisha siku nzima kitu chenye moto mno, mwenye nao hutaabika. Kwa sakafu za mbao watengenezaji wengi hutaka kikomo cha digrii 27, kwa kuwa mbao zikikauka kupita kiasi hujikunja na kupasuka.

Tazama sasa maana ya kikomo hicho. Chumba kikiwa na digrii 20 na sakafu digrii 29, tofauti ni digrii 9. Basi sakafu haiwezi kutoa zaidi ya 9 × 11, yaani takribani wati 100 kwa mita ya mraba. Nyumba inayopoteza zaidi ya hapo haitaponywa kwa kupandisha halijoto ya maji. Itaponywa kwa kupunguza hasara, au kwa kuongeza kipasha joto kingine.

HESABU KWA HATUA TANO

Fundi mzuri hukokotoa kinyumenyume. Haanzi na maji; huanza na baridi ya nje, akarudi hatua kwa hatua hadi kwenye bomba. Tufuate mfano wa chumba chenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, katika mji ambao siku za baridi kali nje huwa digrii 10 chini ya sifuri. Ndani tunataka digrii 20. Tofauti ni digrii 30.

Hatua ya kwanza ni kupata hasara ya joto. Kuta za nje zina mita za mraba 20, na kila mita hupitisha wati 0.5 kwa kila digrii ya tofauti. Jumla wati 10. Madirisha yana mita za mraba 4, na kila mita hupitisha wati 1.5, jumla wati 6. Dari ina mita za mraba 20, na kila mita hupitisha wati 0.3, jumla wati 6. Hewa baridi inayoingia na kuchukua mahali pa hewa yenye joto inagharimu wati 11. Ukijumlisha unapata wati 33 kwa kila digrii. Zidisha kwa 30 upate wati 990. Tuseme wati 1,000.

Hatua ya pili ni kuigawa hasara hiyo kwa eneo la sakafu. Wati 1,000 kwa mita za mraba 20 ni wati 50 kwa kila mita ya mraba.

Hatua ya tatu ni kupata halijoto ya uso wa sakafu. Ikiwa kila digrii moja hutoa takribani wati 10, basi wati 50 zinahitaji digrii 5. Uso wa sakafu uwe na digrii 25. Hii ni chini ya mwili wa binadamu, na mtu akiigusa kwa kiganja huenda asiione kuwa ya moto hata kidogo. Walakini inatosha kukipa chumba kizima joto.

Hatua ya nne ni kushuka kutoka uso wa sakafu hadi kwenye maji. Kila tabaka lina ukinzani wake wa joto. Ukizidisha ukinzani kwa wati zinazopita katika kila mita ya mraba, unapata idadi ya digrii zinazopotea katika tabaka hilo. Kwa saruji na mabomba yaliyopangwa kila baada ya sentimita 15, tuchukue ukinzani wa 0.08. Vigae huongeza 0.01, mbao za milimita 15 huongeza takribani 0.10, na zulia zito huongeza 0.15.

Hatua ya tano ni kukumbuka kwamba maji hupoa njiani. Tukitaka yaingie na kutoka yakiwa yamepungua digrii 5, basi wastani wake u katikati, na maji ya kwenda yazidi wastani huo kwa digrii 2.5. Ili yabebe wati 1,000 kwa kupoa digrii 5 tu, yahitaji kupita kwa kasi ya 1,000 ÷ (4,200 × 5), yaani kilo 0.048 kwa sekunde, ambayo ni takribani lita 170 kwa saa.

Tukikamilisha hesabu kwa vifuniko vitatu tunapata matokeo haya:

Vigae: ukinzani wote 0.09; zidisha kwa 50, digrii 4.5, wastani wa maji digrii 29.5, maji ya kwenda digrii 32.
Mbao: ukinzani wote 0.18, zidisha kwa 50, digrii 9, wastani wa maji digrii 34, maji ya kwenda digrii 36.5.
Zulia zito: ukinzani wote 0.23, zidisha kwa 50, digrii 11.5, wastani wa maji digrii 36.5, maji ya kwenda digrii 39.

Chumba ni kile kile, baridi ni ile ile, na joto linaloingia chumbani ni lile lile wati 1,000. Kilichobadilika ni kifuniko tu, nacho kimetulazimisha kupandisha maji kwa digrii 7. Ndiyo maana fundi hapaswi kutaja halijoto ya maji kabla ya kuuliza sakafu itafunikwa na nini.

Sasa tuchukue nyumba ya zamani inayopoteza mara mbili ya hapo, yaani wati 100 kwa mita ya mraba. Uso wa sakafu unafika digrii 29, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa. Penye vigae maji ya kwenda yatahitaji digrii 40 na nusu. Penye zulia zito yatahitaji digrii 54 na nusu, yaani karibu sana na digrii 55 ambazo kwa kawaida ndizo kikomo cha saruji inayozunguka mabomba. Nyumba hiyo haihitaji boila kubwa zaidi. Inahitaji kuta njema na zulia kuondolewa.

FAIDA YA HALIJOTO NDOGO

Ikiwa wati ni zile zile, mtu anaweza kuuliza: kuna hasara gani maji yakipashwa zaidi, kisha yakapunguzwa kwa vali? Hasara ipo katika mashine inayoyapasha.

Katika miaka ya karibuni nyumba nyingi za Ulaya zimeanza kutumia pampu ya joto. Mashine hii hufanya kazi kama jokofu lililogeuzwa: huchota joto kutoka katika hewa baridi ya nje au ardhini, na kulisukuma ndani ya nyumba. Kanuni za fizikia zinaiwekea mpaka. Kwa mashine kamilifu, idadi ya wati za joto zinazopatikana kwa kila wati moja ya umeme hupatikana kwa kugawanya halijoto ya maji kwa tofauti kati ya maji na nje, zote zikipimwa kwa kelvini. Nje kukiwa na digrii 0, yaani kelvini 273, na maji digrii 35, yaani kelvini 308, jibu ni 308 ÷ 35, au 8.8. Maji yakiwa digrii 55, jibu ni 328 ÷ 55, au takribani 6.

Mashine halisi hupata karibu nusu ya hapo au pungufu kidogo. Tuseme ni 4 kwa maji ya digrii 35, na 2.7 kwa maji ya digrii 55. Nyumba inayohitaji kilowati-saa 10,000 za joto kwa mwaka itanunua umeme wa kilowati-saa 2,500 katika hali ya kwanza, na takribani 3,700 katika hali ya pili. Tofauti hiyo hailetwi na ubora wa mashine, kwa maana mashine ni moja. Inaletwa na halijoto iliyochaguliwa. Mwaka 2022, gesi iliyotoka Urusi ilipopungua na bei ya nishati kupanda sana Ulaya, tofauti ya namna hiyo ilikuwa na uzito mkubwa katika matumizi ya kila familia.

Hata boila la gesi lina hesabu yake. Gesi asilia ikiungua hutoa mvuke wa maji. Mvuke huo ukitoka na moshi, huondoka na karibu sehemu moja ya kumi ya joto lote. Boila za kisasa hutumia maji yanayorudi kutoka nyumbani kuupoza moshi, mvuke ukageuka kuwa matone na kurudisha joto lake. Lakini hilo hutokea tu ikiwa maji yanayorudi yako chini ya takribani digrii 55, na kadiri yanavyokuwa baridi zaidi ndivyo mvuke mwingi zaidi unavyogeuka. Maji ya sakafu yanayorudi na digrii 27 yanafaa sana kwa kazi hiyo.

Faida nyingine ni kwamba sakafu ya vuguvugu hujirekebisha yenyewe. Tuseme siku si ya baridi kali, chumba kina digrii 20 na sakafu digrii 22.5. Kila mita ya mraba inatoa wati 25. Jua linapochomoza na kupenya dirishani, chumba kinapanda hadi digrii 22. Sasa tofauti imebaki nusu digrii, na sakafu inatoa wati 5 tu, pasipo mtu yeyote kugusa vali. Kipasha joto cha ukutani chenye digrii 60 hakina busara hiyo. Tofauti yake inashuka kutoka digrii 40 hadi 38, naye anaendelea kumwaga joto karibu lile lile katika chumba ambacho tayari kimetosheka.

HALIJOTO HUFUATA HALI YA HEWA

Hesabu yetu ya awali ilikuwa ya siku ya baridi kali. Siku kama hizo ni chache. Nje kukiwa na digrii 5 juu ya sifuri, tofauti na chumba ni digrii 15 badala ya 30, na hasara ni nusu, yaani wati 25 kwa mita ya mraba. Sakafu itahitaji digrii 22.5, na wastani wa maji penye vigae uwe digrii 24.75. Kasi ya maji isipobadilika, yatapoa digrii 2.5 tu, na maji ya kwenda yatakuwa digrii 26. Kwa sababu hiyo mitambo iliyopangwa vizuri huwa na kipimajoto nje ya nyumba, na hupandisha au kushusha halijoto ya maji kwa kufuata mstari ulionyooka uliochorwa kati ya siku ya baridi kali na siku ya wastani. Fundi akiuweka mstari huo juu kuliko inavyopasa, nyumba hugharimu zaidi majira yote ya baridi, na si siku moja.

Jambo la mwisho ni subira. Tabaka la saruji la sentimita 6.5 lina uzito wa takribani kilo 130 kwa kila mita ya mraba, na kila kilo huhitaji karibu jouli 1,000 kupanda digrii moja. Kuipandisha sakafu digrii 5 huhitaji jouli 650,000. Kwa wati 50, kazi hiyo ingechukua sekunde 13,000, yaani zaidi ya saa tatu na nusu, hata kama chumba kisingechukua chochote. Mwenye nyumba asiyejua jambo hili huona baridi asubuhi, akaongeza halijoto ya maji; saa moja baadaye haoni badiliko, akaongeza tena. Jioni chumba kinakuwa kama tanuri, naye anafungua madirisha katikati ya baridi. Dawa yake ni kuuweka mstari mara moja kwa hesabu, kisha kuurekebisha digrii moja tu kwa wakati, na kungoja siku nzima au zaidi kabla ya kuugusa tena.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu anaweza kuonyesha kiini cha makala haya bila sakafu ya Ulaya. Chukua makopo mawili bapa ya bati yanayolingana, yenye mifuniko. Jaza maji ya digrii 45, kiasi kwamba maji yaguse mifuniko. Juu ya kopo la kwanza weka kigae cha sakafu. Juu ya la pili weka kipande cha blanketi kilichokunjwa mara mbili. Laza kipimajoto juu ya kila kimoja, ukifunike kidogo kwa pamba ili kisipozwe na upepo. Andika halijoto ya uso na ya maji kila baada ya dakika mbili, kisha chora grafu.

Wanafunzi wataona kwamba kwa maji yale yale nyuso mbili hazilingani. Kisha wapashe maji ya kopo la blanketi kidogo kidogo, wasizidi digrii 60, na watafute halijoto ya maji itakayoufanya uso wa blanketi ulingane na ule wa kigae. Tofauti watakayoipata ndiyo gharama ya blanketi.

MASWALI

1. Chumba chenye sakafu ya mita za mraba 16 kinapoteza wati 640 siku ambayo nje ni digrii 10 chini ya sifuri. Sakafu ni ya mbao, chumba kinatakiwa kuwa na digrii 20, na maji yanapoa digrii 5. Tafuta halijoto ya maji ya kwenda.

2. Kwa chumba hicho hicho, na kasi ile ile ya maji, tafuta halijoto ya maji ya kwenda nje kukiwa na digrii 5 juu ya sifuri.

3. Nyumba inapoteza wati 120 kwa mita ya mraba. Eleza kwa nini kupandisha halijoto ya maji si suluhisho, na utaje mambo mawili ambayo mwenye nyumba angeweza kuyafanya.

Majibu ya maswali mawili ya kwanza ni digrii 33.7 na digrii 26.9, takribani. Atakayepata namba hizo ameelewa kwamba halijoto ya maji haichaguliwi kwa kukisia wala kwa hofu ya baridi. Hupatikana mwishoni mwa hesabu, baada ya ukuta, dirisha na sakafu kila kimoja kuhesabiwa.